Madumu ya sabuni ya maji yanapasuka ghalani: je, sabuni inaila plastiki?

Swali (mtengeneza sabuni, Morogoro)

Ndugu zangu, ninatengeneza sabuni ya maji na kuiuza katika madumu ya lita 20. Tangu nibadilishe muuzaji wa madumu, kila baada ya wiki tano au sita ninakuta sakafu ya ghala imelowa, na nikipangua rundo ninaona dumu la chini limepasuka kwenye pembe ya kitako. Ufa ni mwembamba kama uzi, na kingo zake zimenyooka kana kwamba zimekatwa kwa wembe. Ajabu ni kwamba nikikata kipande cha dumu hilohilo na kukivuta kwa koleo, kinarefuka sana kabla ya kukatika. Madumu ya aina hiyo niliyojaza maji matupu na kuyapanga vilevile hayajapasuka hata moja. Je, sabuni inaila plastiki?

Jibu la 1

Pole sana, ndugu. Mara nyingi plastiki hukauka kwa kuanikwa juani. Yahamishie kivulini.

Muuliza swali

Ahsante, lakini ghala langu halina hata dirisha.

Jibu la 2 (mkufunzi wa teknolojia ya plastiki)

Sabuni haiili plastiki. Ingekuwa inaila, minyororo ya molekuli ingekatika na plastiki yote ingedhoofika, ilhali wewe mwenyewe umeona kwamba kipande cha dumu lililopasuka bado kinavutika vizuri. Kinachotokea ni kwamba poliethilini, yaani plastiki ya madumu haya, ina sehemu za fuwele zilizoshikamanishwa na minyororo mirefu inayopita kutoka fuwele moja hadi nyingine, na mzigo unapokaa juu yake kwa muda mrefu, minyororo hiyo huchomoka polepole mahali penye mkazo mkubwa. Sabuni hupenya kwenye ncha ya ufa unaoanza na kuirahisishia minyororo hiyo kuteleza, hivyo ufa ambao katika maji matupu ungechukua miaka hutokea kwa wiki chache. Ili dumu lipasuke haraka hivyo, lazima viwepo vyote viwili, mzigo na sabuni. Ukipanga madumu manne kwenda juu, la chini linabeba kilo 60 na zaidi, na pembe za kitako ndizo aghalabu huwa nyembamba kwa sababu plastiki huvutwa zaidi pale dumu linapopulizwa ndani ya kalibu.

Tatizo hili ni la zamani. Maabara ya Bell nchini Marekani yalibuni kipimo chake kwa ajili ya maganda ya nyaya za simu: vipande kumi hukatwa mkwaruzo kwa wembe, hukunjwa kama herufi U, hutumbukizwa katika kemikali ya sabuni yenye joto la nyuzi 50, kisha huhesabiwa saa hadi vipasuke. Unaweza kufanya mfano wake kwa kutumia vipande vya madumu ya zamani na ya sasa, vingine ndani ya sabuni yako na vingine ndani ya maji. Muulize pia muuzaji kiwango cha kuyeyuka na kutiririka cha plastiki yake, kwa kuwa ile inayotiririka kwa wepesi ina minyororo mifupi, nayo hupasuka mapema.

Jibu la 3 (fundi wa mabomba ya maji)

Nathibitisha aliyosema mwalimu. Bomba la PE 100 (daraja la poliethilini ya mabomba) limekusudiwa kuhimili mkazo wa megapaskali 10 kwa miaka 50 katika nyuzi 20, lakini likilazwa mtaroni juu ya jiwe, ufa huanzia ndani ya bomba, mkabala na jiwe, hata bila sabuni. Ndiyo maana tunasisitiza litandikwe mchanga. Kagua madumu yako yanakalia nini.

Muuliza swali, wiki tatu baadaye

Ahsanteni sana. Kati ya vipande kumi vya madumu ya sasa vilivyokuwa ndani ya sabuni, saba vimepasuka kwenye mkunjo. Vya madumu ya zamani vyote ni vizima, na vilivyokuwa ndani ya maji pia. Nimerudi kwa muuzaji wa awali. Fundi, nilikagua kama ulivyosema: takriban nyufa zote zilianzia pale pembe ya dumu ilipokalia ukingo wa ubao wa chaga, kwa hiyo nimeziba mapengo yote kwa mbao, na sasa ninapanga madumu mawili tu kwenda juu.