Mjadala: Majina 20 ya Lee J. Cobb yahesabiwe tunapopima kazi yake?

Mleta mada
Wadau, mwigizaji wa Marekani Lee J. Cobb (1911–1976) ndiye wa kwanza kumcheza Willy Loman, muuzaji bidhaa mzee wa tamthilia ya Death of a Salesman, kwenye majukwaa ya Broadway, New York, Februari 1949. Juni 1953 aliitajia kamati ya Bunge la Marekani iliyokuwa ikisaka wakomunisti watu 20 aliosema wamewahi kuwa wanachama. Tunapoandika historia yake ya uigizaji, jambo hilo liwe ndani au nje? Mimi nasema ndani. Filamu alizocheza baada ya hapo zilipatikana kwa bei hiyo.

Mdau 1
Napinga, mkuu. Loman ana miaka 63. Cobb alikuwa na 37. Mwaka 1939, katika filamu ya Golden Boy, alicheza baba wa William Holden ilhali alimzidi miaka sita tu. Hiyo ndiyo kazi ya waigizaji wa aina yake: stelingi anauza sura, wao wanauza umri, uzito na sauti. Tazama mwisho wa filamu ya 12 Angry Men. Cobb anatupa pochi mezani, picha yake na mwanawe inachomoza, anaichana vipande, ndipo anashtuka kwa alichofanya na kuinamia meza akilia. Hasira ya filamu nzima inageuka msiba wa mzazi ndani ya sekunde chache. Ushahidi wa 1953 unaongeza au kupunguza nini hapo?

Mdau 2
Tuanze na namna mtego ulivyofanya kazi, maana wengi wanadhani alikuwa anakimbia jela.

Machi 1951 Larry Parks alibanwa na kamati, na Cobb akawa miongoni mwa aliowataja. Ukishatajwa, unasubiri wito. Ukiitwa, njia ni tatu. Ya kwanza ni kudai uhuru wa maoni: wale kumi wa Hollywood walioitwa 1947 walijaribu, wakafungwa. Ya pili ni Marekebisho ya Tano ya Katiba, kwamba hulazimiki kujishuhudia: jela huendi, ila studio zinakufungia mlango. Ya tatu ni kuwataja wenzako. Wengi walitamani njia ya kati, wajisemee wenyewe tu na kuwaacha wengine, lakini Mahakama Kuu iliiziba mwaka 1951: ukishajibu kuhusu uanachama wako, kinga hiyo huwezi tena kuitumia ukiulizwa kuhusu wenzako.

Kwa hiyo kilichokuwa hatarini ni ajira ya filamu na televisheni. Jukwaa halikufungwa namna ile; chama cha waigizaji wa jukwaani, Actors' Equity, kiliipinga orodha nyeusi, yaani orodha ya walionyimwa kazi kwa kutuhumiwa ukomunisti. Cobb mwenyewe mwaka 1952, tayari ametajwa, alikuwa Broadway na mwigizaji mwenzake John Garfield katika Golden Boy, safari hii kama mchezo wa jukwaani.

Mlinganisheni na Anne Revere, mwigizaji msaidizi mwenye Oscar ya National Velvet. Naye alitajwa na Parks. Alishika Marekebisho ya Tano, hakutaja mtu. Hakuonekana tena kwenye filamu hadi 1970. Jukwaani alishinda Tony, tuzo kubwa ya Broadway, mwaka 1960. Njia ilikuwepo, ila ilikuwa ya njaa.

Mdau 1
Hiyo "njaa" umeipita haraka mno. Mchezo wa jukwaani ukifungwa, mshahara wa wiki umekatika. Mwigizaji msaidizi huishi kwa kuunga filamu moja na nyingine, hana jina la kuuza tiketi peke yake, na kumpata mbadala ni simu moja. Cobb alivumilia miaka miwili, mkewe mgonjwa, ana watoto, na baadaye alisema wazi kwamba alikuwa amechoka na hana fedha. Juni 1955 alipatwa na shambulio la moyo; Frank Sinatra ndiye aliyemlipia matibabu. Mtu wa hali hiyo simwiti msaliti kwa wepesi.

Mdau 3
Huruma anastahili, lakini kuutenga ushahidi na kazi haiwezekani, kwa sababu ya filamu ya On the Waterfront. Mwongozaji Elia Kazan alitaja wenzake 1952. Mwandishi Budd Schulberg alitaja 1951. Cobb alitaja Juni 1953, na kabla mwaka haujaisha yuko Hoboken mbele ya kamera, katika hadithi ambayo shujaa wake ni mtu anayekwenda kutoa ushahidi. Cobb ni Johnny Friendly, bosi wa chama cha makuli, yule anayetajwa! Wamempa upande wa waliochongewa, naye anaucheza kwa ghadhabu ya mtu aliyeumizwa kweli. Kwa nafasi hiyo aliteuliwa kuwania Oscar pamoja na Karl Malden na Rod Steiger wa filamu hiyohiyo; akashinda Edmond O'Brien. Na Kazan alipopewa Oscar ya heshima 1999, baadhi ya waliokuwa ukumbini walikataa kusimama. Hesabu haijafungwa.

Mleta mada
Basi napendekeza hivi. Kwenye orodha ya kazi zake, kati ya Golden Boy ya 1952 na Waterfront ya 1954, uwekwe mstari: "Juni 1953, ataja majina 20." Kando yake pengo la Revere, 1951 hadi 1970. Msomaji aone vyote kwa pamoja.

Mdau 1
Mstari naukubali. Nisichokubali ni wasifu kuanza nao. Uanze na Februari 10, 1949, ukumbi wa Morosco, onyesho la kwanza kati ya 742, Loman akiingia na masanduku yake mawili ya bidhaa.