Nguruwe wawili wamekufa, wa tatu masikio mekundu. Naomba ushauri wa haraka

MamaChanika:
Habari zenu wakuu. Niko Chanika, nafuga nguruwe huu mwaka wa tatu. Nilikuwa nao 14: majike wanne, dume mmoja, waliobaki ni wa kunenepesha. Jumatatu asubuhi nilimkuta mmoja amelala pembeni, pumba hataki, maji ananusa tu. Jioni akafa. Nikadhani ni joto, maana wiki hii jua limewaka kweli. Jumatano akafa wa pili, huyo alitapika kwanza. Leo jike wangu mkubwa, mimba yake imefika miezi mitatu, amesusa chakula. Masikio na tumbo kwa chini vimekuwa vyekundu vya kuelekea zambarau. Wenzake wamejikusanya kona moja, wamelaliana kama wana baridi, na ni saa nane mchana!

Nilikwenda duka la dawa za mifugo, kijana hakuuliza mengi, akanipa oksitetrasaiklini. Nimechoma jana na leo, sioni nafuu. Jirani ananiambia nimwite mchinjaji wa kitimoto awachukue wote waliobaki, nipate hata nusu ya pesa. Nina marejesho ya kikundi mwisho wa mwezi. Huu ni ugonjwa gani, na dawa yake ipi?

Mzee wa Pugu:
Pole sana dada. Kabla hatujafika kwenye dawa, nijibu haya: unawalisha nini? Umeingiza nguruwe mpya au kuazima dume siku za karibuni? Na joto la mwili umepima?

MamaChanika:
Mzee wangu, pumba na mashudu, na jioni mabaki ya chakula kutoka baa mbili za huku. Sichemshi, yanakuja kwenye ndoo nawamwagia. Nguruwe mpya hakuna. Thamomita sina.

Mpambanaji Goba:
Mimi namwelewa jirani yako. Mtaji ukishakufa haurudi. Wale ambao bado wanakula wapeleke leo machinjioni, hao si wagonjwa. Hata kama ni homa ya nguruwe ya Afrika, nyama yake haimdhuru mtu.

Daktari wa Zizi:
Mpambanaji, ni kweli virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika havimwambukizi binadamu. Lakini nguruwe anaweza kubeba virusi siku kadhaa kabla hajaonyesha dalili, kwa hiyo huyo anayekula leo huenda tayari anavyo. Nyama ikitoka hapo inaingia jikoni kwa mtu, mabaki yanaingia kwenye ndoo, na ndoo inakwenda kwa mfugaji mwingine. Dada yetu mwenyewe pengine ameupata kwa njia hiyohiyo, kwenye mabaki ya kitimoto cha baa. Virusi hivi vinakaa muda mrefu ndani ya nyama, na kwenye iliyogandishwa vinadumu hata miaka.

MamaChanika, sitakudanganya. Wanaokufa ndani ya siku chache, wekundu wa masikio na tumbo, kutapika, kulaliana, mabaki yasiyochemshwa: vyote vinanielekeza huko. Kama ndiyo yenyewe, dawa haipo. Oksitetrasaiklini ni ya bakteria, haigusi virusi. Usiongeze hata sindano moja kwa kubahatisha, na hiyo sindano usiitoe kwa mmoja ukaingiza kwa mwingine, unawaambukiza kwa mkono wako.

Ila kwa macho peke yake hakuna anayeweza kuapa, mimi nikiwemo. Piga simu kwa afisa mifugo wa kata leo hii, aje achukue damu ipelekwe maabara ya veterinari iliyopo Temeke. Huu ni ugonjwa wa kutolewa taarifa kisheria, Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya 2003. Wakati unamsubiri, hakuna nguruwe kutoka, hakuna mgeni kuingia bandani, na viatu vya bandani vibaki bandani. Mizoga usiipasue.

Binti Kibamba:
Naongezea, maana mwaka juzi nililia kama wewe na haikuwa homa ya nguruwe. Wangu walikuwa na joto 41, hawali, wanatembea kama wamekakamaa miguu. Bwana mifugo aliniambia nipitishe kiganja mgongoni na ubavuni. Nikahisi vivimbe vya pembe nne kabla hata sijaviona, baadaye vikawa vyekundu, umbo la almasi. Ilikuwa erisipela, ugonjwa wa bakteria. Walichomwa penisilini, siku ya pili wakaanza kula, tukamaliza dozi yote. Alinikataza pia kuwashika nikiwa na jeraha mkononi, maana huo unampata mtu. Mwangalie jike wako mgongoni dada, Mungu asaidie iwe hiyo.

MamaChanika:
Nimepitisha mkono. Mgongo laini kabisa. Wekundu uko masikioni, tumboni na mapajani tu. Afisa mifugo amesema anakuja asubuhi. Mchinjaji nimemkatalia, amenikasirikia.

Mzee wa Pugu:
Umefanya vizuri mwanangu. Mimi nilifuga wakati wa ule mlipuko ulioanzia Kyela mwishoni mwa 2010 ukatufikia hadi Dar. Banda langu liliisha lote, na ninajua ulifikaje: nilimruhusu mnunuzi aliyekuwa anazunguka banda kwa banda aingie achague mwenyewe, na gambuti zake. Tangu hapo mnunuzi anasimama getini, nguruwe anamfuata yeye.

Na nunua thamomita. Nguruwe mzima anacheza kwenye nyuzi 39 hivi. Pima asubuhi na mapema, kwa sababu joto la Dar mchana linampandisha hata asiyeumwa, utatibu jua.

Kijana Madale:
Samahani kudandia uzi. Wangu wanajikuna ukutani mpaka damu, ngozi nyuma ya masikio imekuwa na magamba. Wanakula vizuri. Ndiyo unaanza hivi?

Daktari wa Zizi:
Hapana Kijana, huo ni ukurutu, na unatibika. Aivamektini ya asilimia 1, mililita 1 kwa kila kilo 33, chini ya ngozi ya shingo, rudia baada ya siku 14, na uwatibu wote siku moja pamoja na dume. Wa kuchinja wape muda ulioandikwa kwenye chupa kabla ya kuwauza. Inasaidia na minyoo.

MamaChanika:
Wakuu, nimechelewa kurudi. Jike alikufa alfajiri ile ile kabla afisa hajafika. Alichukua damu kwa wanne. Hadi majibu yanatoka nilibaki na watano, leo nina wawili. Majibu ni homa ya nguruwe ya Afrika. Tumechimba shimo refu nyuma ya shamba, tumefukia na chokaa, afisa akisimamia. Majirani wawili wenye nguruwe niliwafuata mwenyewe nikawaambia. Ilikuwa ngumu, lakini mmoja wao alikuwa anachukua mabaki baa ile ile.

Wale vijana wa baa wameniuliza ndoo ziendelee kuja au wampe mtu mwingine. Na je, nitarudi kufuga lini?

Daktari wa Zizi:
Pole mno dada. Hao wawili afisa atakuelekeza, usiwahifadhi kwa matumaini, anayepona anaweza kubaki na virusi. Ndoo waambie wasitishe, na wasimpe mfugaji yeyote asiyechemsha. Kuchemsha maana yake itokote saa nzima huku unakoroga, si kupasha.

Banda: ondoa mbolea yote, choma matandiko, sugua kwa sabuni mpaka uchafu uishe, ndipo upulize dawa ya kuua virusi. Ukipuliza juu ya kinyesi umemwaga pesa. Kisha liache tupu siku 40 zisizopungua. Baada ya hapo ingiza wawili tu, waangalie wiki sita. Wakibaki wazima, ongeza.

Binti Kibamba:
Dada, ukifika siku ya kuingiza hao wawili niandikie. Nina majike wawili watazaa kipindi hicho, nitakuwekea vitoto viwili vya kike, vikiwa vimeshachomwa sindano ya madini ya chuma. Pesa tutaongea ukishamaliza marejesho ya kikundi.