Ushauri wa haraka: niko Bangkok, kesho niende tena na mwongozaji huyu?

Binti Kariakoo: Wakuu, nimefuata mzigo wa nguo Pratunam. Leo nikaenda kuona mahekalu ya Wabudha. Nje ya Wat Pho kaka mmoja kaniambia pamefungwa mpaka mchana, akanizungusha kwa tuktuk, baht 20 tu, halafu tukarudi tukaingia. Anajua kueleza! Kesho anataka twende Wat Arun. Niende? Nivaeje?

Baharia: Funika mabega na magoti. Mtawa usimguse. Wat Arun unavuka kwa feri pale Tha Tien, nauli ndogo mno, mwongozaji wa nini?

Mama Upendo: Mdogo wangu, umefuata biashara au masanamu? Mimi Guangzhou Jumapili nilitafuta kanisa, mzigo ukafika salama.

Fundi Saa: Baht 20 hata mafuta haitoshi. Alikupitisha duka gani?

Binti Kariakoo: La vito, dakika chache tu.

Fundi Saa: Ukanunua?

Binti Kariakoo: Nimeweka arubuni ya yakuti samawi. Risiti ninayo! Dar nauza mara mbili. Kesho namalizia, ndipo twende Wat Arun.

Fundi Saa: Hela ya nani?

Binti Kariakoo: Ya kikundi. Nusu ya mzigo.

Kijana wa Sinza: Chai hii. Wat Pho inafunguliwa saa mbili asubuhi, ifungwe vipi? Hujafika huko.

Binti Kariakoo: Si chai, kaka. Buddha aliyelala ana mita 46, nyayo zimenakshiwa kwa magamba ya chaza. Nyuma yake kuna vibakuli 108 vya shaba, nikadondosha sarafu moja moja nikimuombea mama. Kaka wa watu alinisubiri mlangoni kanishikia viatu. Mwizi anashika viatu vya mtu?

Mzee wa Vito: Anashika, binti yangu. Yakuti inachimbwa Tunduru, sisi ndio tunaopeleka Bangkok. Ukirudi nayo Dar utamuuzia nani? "Hekalu limefungwa" ni mbinu ya miaka mingi. Mwongozaji halali Thailand ana kitambulisho cha serikali, chake ulikiona? Ulilipa taslimu au kadi?

Binti Kariakoo: Kadi. Kitambulisho sikukiona.

Mzee wa Vito: Afadhali kadi. Pigia benki sasa hivi, kisha 1155, polisi wa watalii.

Binti Kariakoo: Nimepiga zote mbili. Polisi wanataka namba ya tuktuk. Inaonekana kwenye picha aliyonipiga mwenyewe.