Msaada: kutoa sauti ya mtu mmoja kwenye podikasti, wengine wabaki

Mwambao_Sauti (mleta uzi): Wakuu, habari za jioni. Tuna podikasti ya kila wiki hapa Tanga, wachambuzi wanne na mwongozaji, tunabishana kuhusu taarabu, filamu, vitabu na bongo fleva. Kipindi kipya ni dakika 45, Ijumaa kinatakiwa hewani. Naomba programu ya kutoa sauti ya mchambuzi mmoja tu, waliobaki wasikike safi. Faili ni WAV, MB 40.

fundi_waya: Maiki ngapi?

Mwambao_Sauti: Simu moja, katikati ya meza.

fundi_waya: Umeshajijibu. Programu za kutenganisha zinaweza kutoa muziki nyuma ya msemaji. Watu wawili wakidakiana kwenye maiki moja, mwangwi wao ukitoka ukuta uleule, utabaki na kivuli cha sauti na maneno ya wenzake yamenyofoka. Anapoongea peke yake unaweza kukata, ila mvumo wa feni utaruka na msikilizaji atashtuka. Ndiyo maana kabla ya kuanza watu hunyamaza sekunde 30, chumba kinarekodiwa kitupu, hicho ndicho kiraka. Safari ijayo kila mtu na maiki yake ya dainamiki, ngumi moja kutoka mdomoni, na kinasa chenye njia zisizopungua tano, kila maiki irekodiwe peke yake. Angalia kabla hujalipa: mikisa nyingi za bei ndogo zina matundu manne ya maiki, lakini kwa waya wa USB zinapeleka njia mbili tu kwenye kompyuta. Unaporekodi, kilele cha sauti kisipite desibeli -12.

Bint_Ngamiani: Mie swali langu si la mitambo. Huyo mtu anakatwa kwa nini?

Mwambao_Sauti: Kiti chake kinalia.

Bint_Ngamiani: Kiti kilie dakika 45, kwake tu? Sema, mgosi.

Mwambao_Sauti: Haya. Mdhamini wetu ana kikundi cha taarabu, na jamaa amekichambua vibaya. Mdhamini hajakataza kitu, mimi ndiye nimeona busara. Jamaa nimeshamwambia sehemu yake iliharibika, kwa hiyo hakuna atakayeumia. Bando na nauli za watu zinatoka wapi? Msinihukumu.

mzee_wa_mizani: Amekichambua vibaya kwa lipi? Mji huu umetoa vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star, mwimbaji Shakila kaimba hapa, watu wana masikio. Taarabu huanzia kwenye shairi: mizani 16 kila mshororo, nane kwa nane, kina cha kati na cha mwisho. Mchambuzi akisema ubeti wa pili mizani imezidi ndiyo maana mwimbaji anakimbizana na mdundo, hilo si tusi, mwenye kikundi ahesabu mwenyewe. Akisema fidla inamziba mwimbaji badala ya kumjibu, arudishe wimbo asikilize. Ila kama kasema "hawajui kuimba" akaishia hapo, kata, hujapoteza kitu. Rusha roho, taarabu ya kisasa, nayo ina vipimo vyake, tusiipime kwa ya zamani.

Kausha_Damu: Mdhamini yupo humu anasoma. Shikamoo mdhamini.

Bint_Ngamiani: Tangazo asome mwongozaji, wachambuzi wasiliguse. Na kikundi cha mdhamini kikijadiliwa, litajwe mwanzoni kwamba ndiye anayelipa. Msikilizaji atapima mwenyewe.

kadi_ya_kumbukumbu: Hii chai, tena ya tangawizi. WAV haikandamizi sauti, ya kawaida ya dakika 45 haiwezi kuwa MB 40. Hata iwe mono (njia moja ya sauti) ya 44.1 kHz, biti 16, inakaribia MB 240. Mleta uzi hana faili lolote, anataka ubuyu.

Kausha_Damu: Nilijua tu. Hakuna jina la podikasti, hakuna kipande hata kimoja.

Mwambao_Sauti: Kumbe mwisho wa jina la faili imeandikwa m4a. Mimi naita WAV kwa mazoea. Chai ya nini mimi?

fundi_waya: Hapo hesabu inakubali, m4a imekandamizwa, MB 40 kwa dakika 45 ni kama kilobiti 118 kwa sekunde. Geuza iwe WAV kwanza, hariri humo, ukandamize mara moja tu mwishoni. Kila ukihifadhi upya kwenye m4a sauti inachakaa, herufi "s" ndizo zinaanza kuungua. Mono ya MP3 kilobiti 64 inatosha mazungumzo, MB 22 hivi, bando la msikilizaji litapona. Ukubwa wa sauti kwa wastani wa kipindi kizima uweke -19 LUFS (ndicho kipimo chake) kwa mono.

kadi_ya_kumbukumbu: Sawa, faili lipo. Mdhamini bado sijamwamini.

Mwambao_Sauti: Nimekata dakika ya 18 hadi 26. Chumba kitupu hatukurekodi, kiraka natoa wapi?

fundi_waya: Kabla mwongozaji hajasalimia, kuna sekunde mbili tatu za feni tupu. Nakili, zipange zikipishana kidogo, kila kiungo ukififishe.

Mwambao_Sauti: Imekaa vizuri. Tatizo mara tu baada ya hapo mwenzake anasema "hapo kwenye vina nakupinga kabisa", anaendelea dakika tatu.

Bint_Ngamiani: Anampinga nani sasa, feni?