Ruvu: vipimo vya sauti vinayumba karibu na kingo, nisaidieni

Mpimaji_Bwy: Wakuu, salaam. Napima mtiririko wa Ruvu huku Bagamoyo kwa ADCP (kifaa kinachopima kasi na kina cha maji kwa mwangwi wa sauti) iliyofungwa kwenye kiboya, tunakivuta kwa kamba toka ng'ambo hii hadi ile. Katikati ya mto namba zinakubaliana vizuri. Shida ni kingo: upande mmoja gema limekatika wima, upande wa pili mchanga unateremka taratibu na matete yamejaa. Nikilinganisha kwenda na kurudi, tofauti karibu yote iko huko. Watu wanagawiwa maji kwa namba hizi, sitaki kuandika nisichoweza kukitetea.

MajiMengi: Mkuu, pembeni kabisa mashine haipimi, inakadiria. Inachukua kasi na kina cha mahali pa mwisho iliposoma vizuri, inazidisha kwa umbali hadi nchi kavu, kisha kwa kizidishi cha umbo: 0.3535 ukingo ukiwa wa mteremko, 0.91 ukiwa ukuta. Chukua kina mita 1.2, kasi mita 0.4 kwa sekunde, umbali mita 5. Kwa mteremko unapata mita za ujazo 0.85 kwa sekunde. Programu ikidhani ni ukuta, 2.18. Maji ni yale yale! Weka kila upande umbo lake kabla hujaanza.

Umbali usikisie kwa macho, tumia futikamba. Ukiandika mita 3 kumbe ni 5, asilimia 40 ya ukingo imepotea hapo hapo.

Na kiboya kitulie. Kisome angalau mara 10 kikiwa kimesimama, unapoanza na unapomaliza, maana maji ya pembeni yanazunguka na kisomo kimoja hakikuambii kitu. Kasi ikitoka hasi iache na alama yake. Maji yanarudi nyuma kweli.

Binti_Pangani: Naongeza la gema. Usilisogelee mno, miale ya sauti ya kifaa inatanuka kadiri inavyoshuka na mwangwi wa ukuta unaharibu kisomo. Kaa mbali nalo kwa umbali unaolingana na kina. Kwenye mchanga ishia pale unapopata bado seli mbili nzima (seli ni tabaka la maji ambalo kifaa kinalipima peke yake), kwa sababu miale ya nyuzi 20 inapoteza kama asilimia 6 ya kina karibu na sakafu, na chini ya kifaa chenyewe kuna eneo kipofu, kisiloweza kulipima.

Mpimaji_Bwy: Asante sana dada. Na matete? Niingie kwa miguu na kipimo cha propela?

MajiMengi: Usithubutu, Ruvu ina mamba na viboko. Kama maji ndani ya matete yamesimama, hesabu ukingo kuanzia mkondo unapoanza, uandike hivyo kwenye fomu. Kama yanapita, ningehamia sehemu iliyonyooka isiyo na matete.

Mzee_wa_Pwani: Wanangu, bahari mmeisahau. Karibu na mlango wa mto maji yakijaa yanauzuia mkondo, bamvu ndiyo zaidi. Idara ya Jiolojia ya Marekani inataka jumla ya sekunde 720 za kupima, kwenda na kurudi. Penye kujaa na kupwa, ndani ya muda huo mkondo unaweza kuwa umeshabadilika. Soma kipimo cha kina na saa mwanzo na mwisho wa kila mvuko, ndipo ulaumu kingo.

Mpimaji_Bwy: Shikamoo mzee. Hilo la saa sikuwa nalo kwenye fomu, naliongeza. Napanda juu kutafuta sehemu iliyonyooka.

Mzee_wa_Pwani: Marahaba. Piga na picha ya kila ukingo, atakayekagua aone umbo ulilochagua.