Maigizo ya mtaani yanapunguza unyanyapaa wa VVU, au ndiyo yaliyoupanda?

Mleta mada, Mwanza

Wakuu, nimeigiza kwenye vikundi vya sanaa miaka kumi na moja, mingi nikiwa kwenye mialo ya Ziwa Victoria. Hoja yangu wenzangu hawataipenda: sehemu ya unyanyapaa tunaopigana nao tuliutengeneza wenyewe jukwaani.

Mnalijua igizo letu. Mvuvi mwenye hela, mwanamke wa baa, kikohozi, kukonda, kaburi. Huyo mgonjwa nimemcheza mimi, nimepakwa majivu usoni, watu wanacheka kisha wananyamaza. Mwalo mmoja, baada ya sisi kuondoka, mama muuza dagaa aliyekuwa akitumia dawa akabandikwa jina la yule mwanamke wa baa wa kwenye igizo. Haukupita mwezi, meza yake haina mteja.

Sasa kuna PrEP. Mtu asiye na VVU anameza kidonge kila siku ili asiambukizwe. Shirika la Afya Duniani linaipendekeza tangu 2015. Lakini kopo linafanana na la ARV, dawa za mwenye VVU, na vidonge vinalia ukilitikisa. Wifi akiliona kabatini, hukumu imeshapita. Wapo wanaotia pamba ndani lisipige kelele. Yaani hata anayejikinga anajificha kama mwizi!

Mimi nasema tusiache maigizo, tuyageuze. Augusto Boal wa Brazili aliwaruhusu watazamaji walisimamishe igizo na kuingia wenyewe kulibadilisha. Kwetu pia si jambo geni: miaka ya 1980 wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda Malya, na wanakijiji wakaigiza matatizo yao wenyewe. Tusimwonyeshe tena mgonjwa. Tumwonyeshe wifi aliyeshika kopo, halafu tuulize: nani aje acheze nafasi yake? Mnasemaje?

Mchangiaji, Dodoma

Tuache kabisa, mkuu. Watu wanafuata ngoma na sarakasi, msimamizi anahesabu vichwa, kikundi kinachukua posho, gari linaondoka. Marekani iliposimamisha misaada Januari 2025 tuliona wazi nini kinauma kikikosekana: dawa na wahudumu. Shilingi iliyobaki iende huko. Unyanyapaa una sheria tangu 2008, itekelezwe.

Mchangiaji, Bukoba

Wanangu, mimi ni muuguzi mstaafu. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa huku kwetu Kagera mwaka 1983. Tuliuita ugonjwa huo Juliana, jina la vitambaa vya magendo vilivyokuwa fasheni wakati ule. Ndiyo kusema tulianza kwa kumtazama mtu alichovaa na kumhukumu.

Wewe wa Dodoma, sheria hiyo naiheshimu, ila haifiki jikoni. Nimeona watu wakipita kliniki tatu ili wachukue dawa wilaya nyingine, na hakuna hata mmoja aliyekwenda kushtaki. Angemshtaki nani, mama mkwe wake?

Na wewe mleta mada, igizo la kusimamishwa nimelishuhudia. Kijana alivaa kitenge akawa mama mkwe, mwongozaji akaita, "Nani aje?" Wakapanda vijana watupu. Akina mama wenye wakwe wametulia kwenye mkeka, macho chini, kwa sababu wakwe zao walikuwa palepale. Utamtaka mtu avue heshima yake hadharani? Tulipowaita akina mama peke yao, nyuma ya ghala la kahawa, bila spika, mmoja akasimama akacheza alivyomtupia mkwewe dawa chooni. Alilia. Wengine watatu wakamfuata kusema yao. Hapo hapakuwa na vichwa vya kuhesabu, tulikuwa kumi na wanne tu.

Mleta mada, Mwanza

Shikamoo mama. Hilo sikuliona. Sisi tunapenda uwanja ujae, na spika zisikike hadi ng'ambo. Watu kumi na wanne hakuna anayetulipia. Lakini hiyo ndiyo kazi ninayotaka kufanya.

Mchangiaji, Dodoma

Kwa watu kumi na wanne na bila posho, sipingi. Ila nijibu moja: yule mama wa dagaa, mlimrudia?

Mleta mada, Mwanza

Tulirudi baada ya miaka miwili, na igizo lilelile. Meza yake ilikuwa ya mtu mwingine. Walisema amehamia visiwani, na hakuna aliyetaka kunitajia kisiwa gani.