Watafiti watatu wa fani tofauti: tuwalinganishe vipi kwa makala na mara walizonukuliwa?

Mjumbe_Unguja

Assalaam alaykum. Kamati ya kupandisha vyeo katika chuo kimoja hapa Unguja ina majalada matatu. La kwanza ni la mtafiti wa bahari, kazi zake ni za mwani na matumbawe. La pili ni la mtu wa afya ya jamii, zaidi minyoo na kichocho Pemba. La tatu ni la mwanaisimu wa Kiswahili. Kwa Google Scholar, wa afya ana fahirisi ya h 19 (yaani makala zake 19 zimenukuliwa angalau mara 19 kila moja), wa bahari 11, wa isimu 4. Baadhi ya wajumbe wanataka tuwapange kwa namba hizo na mambo yaishe. Naona wazi kuwa hiyo si haki, lakini kikao kinataka hesabu ambayo mjumbe yeyote anaweza kuirudia akapata jibu lile lile. Usajili wa Scopus na Web of Science, hazina za nukuu za kulipia, hatuna. Tufanyeje?

Maalim_Takwimu

Waalaykum salaam. Fahirisi ya h haitoki nje ya fani yake. Jorge Hirsch, mwanafizikia aliyeipendekeza mwaka 2005, alieleza katika makala ile ile kwamba watafiti wa sayansi za uhai huwa na h kubwa kuliko wanafizikia. Sababu si akili wala bidii. Kwenye tiba makala zinatoka nyingi, waandishi ni wengi kwa kila makala, na orodha ya marejeo ni ndefu, kwa hiyo kila makala mpya inagawa nukuu kwa makumi ya zilizotangulia. Kwenye isimu watu wananukuu vitabu, wananukuu kazi za zamani, na nukuu ya kwanza inaweza kuchukua miaka kufika.

Dawa yake ni kuilinganisha kila makala na wenzake wa fani ile ile, mwaka ule ule, aina ile ile. Tuseme makala ya bahari ya 2018 imenukuliwa mara 24, na wastani wa makala za fani yake za mwaka huo ni 16: inapata 1.5. Makala ya isimu ya 2018 imenukuliwa mara 6 na wastani wa fani yake ni 3: inapata 2. Hii ya pili imefanya vizuri zaidi kwa watu wake, ingawa kwa namba tupu ni robo ya mwenzake. Radicchi, Fortunato na Castellano walionesha mwaka 2008 kwamba ukigawa kwa wastani namna hii, mitawanyo ya nukuu ya fani mbalimbali inakaribia kulaliana.

Huhitaji kulipa. OpenAlex ni hazina ya bure iliyofunguliwa Januari 2022, na kila makala ndani yake ina namba iitwayo FWCI, yaani uwiano wa aina hiyo hiyo: 1 ni wastani wa dunia, 1.5 ni nusu zaidi ya wastani, 0.5 ni nusu ya wastani. Mtafute mtafiti, pakua orodha ya kazi zake iingie kwenye jedwali, bakisha safu za mwaka, aina, mara zilizonukuliwa, FWCI na nafasi ya makala kwa asilimia.

Hapa ndipo watu wanapokosea: wanachukua FWCI zote wanatoa wastani. Mtu ana makala tisa, nane zina 0.5, moja ina 12. Wastani unatoka 1.78, anaonekana yuko mbali juu ya dunia, na ukweli ni kwamba ameinuliwa na makala moja. Thamani ya katikati, ile inayokaa katikati ukizipanga kwa ukubwa, ni 0.5. Andika zote mbili. Kisha hesabu ni makala ngapi zimeingia asilimia 10 ya juu ya fani yake. Mtu wa kawaida mwenye makala 20 anatarajiwa kuwa nazo 2. Kipimo hiki hakiyumbishwi na makala moja, na mjumbe asiyependa hesabu anakielewa papo hapo.

Makala za miaka miwili ya mwisho ziache pembeni. Wastani wa fani bado ni mdogo mno, nukuu moja tu inaruka mpaka juu.

Maktaba_Wete

Maalim kasema kweli, ila hesabu hiyo ukiifanya juu ya rekodi chafu utapata takataka zenye desimali. Anza na majina, maana majina yetu ndiyo yanayoichanganya mitambo. Chukua mtu anayeitwa Khamis Ali Juma. Jarida moja limemwandika Juma K. A., jengine Ali K., jengine K. A. Juma, na jengine limedondosha herufi likaandika Hamis. Hatuna jina la ukoo kwa maana wanayoijua wachapishaji wa Ulaya, tuna jina la mtu, la baba na la babu, na kila jarida linakamata lake. Tia na Mohamed, Mohammed na Muhammed: mtu mmoja anakuwa profaili tatu au nne. Na Juma K. A. mmoja anaweza kuwa na makala za watu watatu, mmoja wao hata Zanzibar hajawahi kufika.

Fanyeni hivi. Kila mtahiniwa alete namba yake ya ORCID, ile ya tarakimu 16 inayomtambulisha mtafiti. Usajili ni bure. Kwenye sehemu ya majina mengine aandike kila umbo ambalo jina lake limewahi kuchapwa. Alete pia orodha ya kazi zenye DOI, yaani namba ya kudumu inayotambulisha kila makala mtandaoni. Mjumbe atafute kila DOI kwenye OpenAlex aone imekaa chini ya mwandishi gani. Ikiwa mtu amegawika, msisubiri marekebisho. Kusanyeni kazi kutoka profaili zote kwa DOI na mfanye hesabu juu ya orodha hiyo. Jina msilitegemee.

Google Scholar nayo ina mambo yake. Ikiwa profaili imeachwa ijiongeze yenyewe, inaokota makala za watu wengine wenye jina hilo. Mwenye profaili abadilishe iwe inamtumia barua pepe kwanza ili yeye akubali. Makala iliyoingia mara mbili, khasa pale kichwa cha Kiswahili kimetafsiriwa kwenye marejeo ya mtu mwengine, atie tiki zote mbili aziunganishe. Halafu bonyezeni namba ya nukuu za makala kubwa mbili tatu msome zinatoka wapi. Mtakuta tasnifu, maandishi ya darasani, na waraka mmoja uliopakiwa sehemu mbili ukahesabiwa mara mbili.

Bahari_Chwaka

Niongeze suala la wingi wa waandishi. Tafiti za minyoo na kichocho Pemba mara nyingi zina timu ya nchi kadhaa, waandishi 10 au 20 ni kawaida. Mwanaisimu anaandika peke yake. Programu ya bure ya Anne-Wil Harzing, Publish or Perish, inatoa kipimo kiitwacho hI,norm: nukuu za kila makala zinagawanywa kwa idadi ya waandishi wake, ndipo h inahesabiwa.

Mfano wa makala nane. Nukuu ni 41, 22, 15, 9, 7, 6, 5, 2. Ya sita ina 6, ya saba ina 5, kwa hiyo h ni 6. Sasa waandishi wake kwa mpangilio huo ni 18, 6, 3, 2, 1, 4, 1, 1. Ukigawa unapata 2.3, 3.7, 5, 4.5, 7, 1.5, 5, 2. Zipange upya kuanzia kubwa: 7, 5, 5, 4.5, 3.7 na kuendelea. Ya nne ina 4.5, ya tano haifiki 5, basi hI,norm ni 4. Ikiwa makala yake ya kwanza ilitoka miaka 12 iliyopita, gawa 4 kwa 12: 0.33 kwa mwaka. Hiyo ya mwisho inamsaidia kijana asilinganishwe na mzee wa miaka 30 kazini.

Ina kasoro: aliyeongoza utafiti na aliyetia jina mwishoni wanapata mgao sawa. Ombeni kila mtahiniwa aeleze mchango wake katika makala zake tano kubwa.

Mwanaisimu_Mkoani

Nampinga Maalim kwa jambo moja. FWCI kwa mwanaisimu wa Kiswahili haimpimi. Kwanza, nukuu zinajulikana pale jarida linapowasilisha orodha za marejeo pamoja na DOI. Makala za Kiswahili zilizotoka kwenye majarida ya karatasi, au kwenye faili la PDF lisilo na DOI, zinanukuliana wala hakuna mtambo unaoona. Pili, wastani anaowekewa ni wa isimu ya dunia nzima, ambayo humo ndani ni Kiingereza kitupu. Mtamwona ana makala mbili kwenye OpenAlex ilhali CV yake ina 17, kisha mtoe asilimia kutokana na hizo mbili?

Kwanza hesabuni uwiano: makala ngapi za CV zimo kwenye hazina. Ikiwa chini ya nusu, acheni FWCI kabisa na muandike sababu. Badala yake tafuteni kwa mkono. Weka kichwa cha makala ndani ya alama za kufunga na kufungua usemi kwenye Google Scholar, pitia hifadhi za tasnifu za SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar) na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, fungua marejeo ya majarida kama Kioo cha Lugha na Swahili Forum. Kamusi iliyochota istilahi zake, kitabu cha skuli kilichotumia uchambuzi wake, hivyo ni athari na viandikwe kwa jina na ukurasa. Leiden Manifesto ya 2015, tamko la wataalamu juu ya kupima utafiti, inataka utafiti wenye manufaa ya mahali ulindwe, na hoja hiyo kikao hakiwezi kuipuuza.

Mjumbe_Unguja

Shukrani nyingi. Mjumbe mmoja anataka safu ya Impact Factor ya jarida iingie. Tuitie?

Maalim_Takwimu

Hapana. Hicho ni kipimo cha jarida: nukuu za mwaka mmoja kwa makala za miaka miwili iliyotangulia, kugawa kwa idadi ya makala hizo. Ndani ya jarida lolote makala chache zinabeba nukuu nyingi, kwa hiyo haikwambii kitu kuhusu makala ya mtahiniwa. Azimio la DORA la 2013, juu ya namna ya kutathmini utafiti, limekataa matumizi hayo waziwazi. Isitoshe, kuna tovuti zinazouza namba zenye jina la kufanana na hilo. Ile halisi inatoka Journal Citation Reports ya kampuni ya Clarivate tu.

Kuhusu isimu, Mwanaisimu yuko sahihi, nami naondoa FWCI kwa jalada la tatu iwapo uwiano utatoka mdogo. Jedwali liwe na safu hizi: makala za CV, zilizoonekana OpenAlex, FWCI ya katikati, idadi katika asilimia 10 ya juu, hI,norm, na ukurasa mmoja wa ushahidi wa mkono kwa kila mtu, wote watatu. Chukueni data ya wote siku moja na muandike tarehe juu ya jedwali, maana namba hizi hubadilika, na mtahiniwa akikata rufaa atataka kujua mlihesabu lini.